Baba anatimiza 65: achukue mpango wa dola sifuri au Medicare ya asili na bima ya nyongeza?

SWALI

Shikamooni washauri wetu,

Mimi ni binti wa kwanza kwa wazee wangu. Tunaishi Columbus, Ohio, na kwetu asili ni Tanga. Baba anatimiza miaka 65 tarehe 12 Septemba mwaka huu wa 2026. Amefanya kazi ghalani kwa kampuni kubwa miaka 12 mfululizo, na ameniambia mwisho wa Septemba anapumzika. Mama ana miaka 67, hajawahi kuajiriwa hapa Marekani, na siku zote ametibiwa kwa bima ya kazini kwa Baba. Wote wawili wana kadi ya kijani tangu 2013.

Baba ana kisukari na shinikizo la damu, na mwaka jana daktari alisema figo zimeanza kuvujisha protini. Kwa hiyo anaonwa na daktari wa figo kila baada ya miezi mitatu, anachoma insulini na kumeza dawa nyingine tano. Mama anasumbuliwa na magoti tu.

Majuzi kijana mmoja, wakala wa bima na Mswahili mwenzetu, aliwakusanya wazee ukumbini akawapa pilau na soda, kisha akawaeleza habari za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, na mpango wake wa kampuni binafsi uitwao Medicare Advantage, wa dola sifuri kwa mwezi. Una meno, miwani, usafiri wa kwenda hospitali na kadi ya kununulia chakula. Baba amerudi nyumbani anachekelea. Ameshaweka saini karatasi moja ambayo hakuisoma vizuri, na kijana amemwambia lile jambo la kuchukua Medicare ya asili na kununua bima ya pembeni ni kutupa hela, na kwamba asipopenda atabadilisha mwakani.

Mimi nina wasiwasi. Kwanza, hiyo sifuri ni ya kweli? Pili, ni kweli mtu anaweza kubadilisha anavyotaka? Tatu, wazee huenda Tanga kila Desemba na kurudi mwisho wa Machi, na mwaka mmoja walikaa karibu miezi saba kwa sababu ya msiba. Huko wakiugua nani analipa? Nne, Mama kapitisha miaka miwili bila kujiandikisha. Nimeambiwa atatozwa faini maisha yake yote. Naombeni mnieleze kwa hesabu, kwa sababu wadogo zangu wananiuliza mimi.

Binti wa Kwanza, Columbus

JIBU

Marahaba, binti yetu.

Tuanze na la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Kijana amesema nusu ya kweli. Kutoka Medicare Advantage kurudi Medicare ya asili kunawezekana kila mwaka, kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba, na tena kati ya 1 Januari na 31 Machi kwa aliyekwisha kuwa ndani ya mpango wa Advantage. Alichokiacha ni kwamba bima ya nyongeza, ile inayoitwa Medigap, haifuati kalenda hiyo. Medigap ina dirisha moja tu la miezi sita, linaloanza mwezi ambao mtu ana 65 au zaidi na Sehemu B yake ya Medicare, ile ya madaktari na vipimo, imeanza kazi. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa mtu wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Ikipita, katika majimbo mengi, Ohio ikiwemo, kampuni ina haki ya kuuliza maswali ya afya na kumkataa. Mzee mwenye kisukari cha insulini na figo zinazovuja atakataliwa na kampuni nyingi. Majimbo machache kama New York na Connecticut yana sheria tofauti, lakini ninyi hamko huko.

Basi milango miwili hii hailingani. Wa Advantage hufunguliwa kila mwaka, hata kwa mgonjwa. Wa Medigap kwa Baba unafunguliwa mwaka huu, na huenda usifunguliwe tena. Yuko wapi anayefahamu hivyo na akaamua kwa sababu ya meno?

Kuna uwazi mmoja mdogo. Mtu aliyeingia Advantage mara tu alipostahili Medicare akiwa na miaka 65 anaruhusiwa, ndani ya miezi 12 ya kwanza, kutoka na kununua Medigap yoyote inayouzwa jimboni kwake bila kuulizwa afya. Baba atakuwa na haki hiyo. Mama mwenye 67 asiitegemee. Kwake ile miezi sita ndiyo yenyewe.

Sasa hiyo sifuri. Ni ya kweli, ila ni sifuri ya juu ya kitu kingine. Medicare ya asili ina Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari na vipimo. Aliyelipa kodi ya Medicare kwa robo-mwaka 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, hupata Sehemu A bila ada, na Baba anazo. Sehemu B kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa kila mtu. Hizo zinalipwa hata ukiwa ndani ya mpango wa sifuri, na serikali ndiyo huilipa kampuni ya Advantage ili ikuhudumie badala yake. Wazee wawili ni dola 405.80 kwa mwezi kabla hamjagusa chochote. Baba akishaanza kupokea malipo ya uzeeni ya serikali, yaani Social Security, zitakatwa humo. Kama bado hajaanza, ataletewa bili ya miezi mitatu mitatu. Wengi hushtuka na bili ya kwanza, wakadhani wametapeliwa.

Kinachotofautisha njia mbili ni kile kinacholipwa mtu akiugua. Medicare ya asili peke yake inamwachia mgonjwa dola 1,736 kwa kila kipindi cha kulazwa, dola 283 za kwanza za Sehemu B kila mwaka, na baada ya hapo asilimia 20 ya kila kitu cha Sehemu B bila kikomo. Hilo la bila kikomo ndilo baya. Asilimia 20 ya dawa za saratani za mwaka mzima inaweza kumaliza akiba ya familia. Ndiyo maana hatumshauri mtu yeyote mwenye uwezo wa kuchagua akae na Medicare ya asili pekee, bila nyongeza, bila Advantage na bila msaada wa serikali.

Medigap huziba mapengo hayo. Mipango yake ina herufi, na G ya kampuni moja inalipia vilevile kama G ya nyingine kwa sheria, kwa hiyo unacholinganisha ni ada na jinsi kampuni ilivyopandisha ada miaka iliyopita. G hulipia hospitali na ile asilimia 20 yote, ukiacha zile dola 283 za mwaka. N ni nafuu kidogo: unatoa hadi dola 20 ukimwona daktari na hadi dola 50 ukienda chumba cha dharura usipolazwa. Sehemu nyingine N ina udhaifu mwingine, kwamba haifuniki ziada ambayo baadhi ya madaktari hutoza juu ya bei ya Medicare, lakini Ohio imekataza ziada hiyo, kwa hiyo N kwenu ina thamani kuliko inavyosimuliwa. F mtakayoisikia ikisifiwa na wazee wa zamani haiuzwi kwa waliostahili Medicare kuanzia 2020. Medigap haina dawa, hivyo Sehemu D, ambayo ndiyo bima ya dawa, inanunuliwa peke yake.

Medicare Advantage inaunganisha A, B na kwa kawaida D katika mpango mmoja wa kampuni binafsi. Unalipa kidogo kidogo kila unapotibiwa, na kuna kikomo cha mwaka. Kwa 2026 sheria hairuhusu kikomo hicho kupita dola 9,250 kwa huduma za ndani ya mtandao wa madaktari wa mpango, ingawa mipango mingi huweka chini ya hapo. Katika mpango wa aina ya HMO, ukitoka nje ya mtandao unalipa mwenyewe isipokuwa kwa dharura, huduma ya haraka ukiwa mbali na eneo lako, na usafishaji wa figo ukisafiri ndani ya Marekani. Aina ya PPO inakuruhusu kutoka kwa bei ya juu zaidi, na kikomo cha ndani na nje pamoja kinaweza kufika dola 13,900.

Hesabu mliyoomba ni hii, na bei za Medigap na D hapa ni za mfano tu, mtapata zenu halisi kwa msimbo wa posta. Tuseme G ya Baba ni dola 130 na Sehemu D ni 30. Hizo ni 160 kwa mwezi, 1,920 kwa mwaka, ukiongeza 283 unapata 2,203. Mwaka wa afya njema au mwaka wa upasuaji, gharama ya hospitali na madaktari ni hiyohiyo. Ndani ya mpango wa sifuri wenye kikomo cha, tuseme, dola 6,000, mwaka mzuri Baba atatumia mia chache, na mwaka mbaya atatumia 6,000. Ugonjwa ukianza Novemba, kikomo kinafutika tarehe 31 Desemba na hesabu inaanza upya Januari. Dawa zina kikomo chake peke yake katika njia zote mbili: mwaka 2026 ni dola 2,100 kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango, na insulini iliyo kwenye orodha hiyo haizidi dola 35 kwa mwezi.

Kwa hali ya Baba, maoni yetu ni kwamba kama familia inaweza kubeba ada hiyo bila kujinyima, achukue Medicare ya asili na G au N sasa, na mwaka wowote ada ikiwashinda ahamie Advantage, ambayo haitamuuliza figo zake. Mama mwenye magoti tu anaweza kufikiriwa tofauti, kwa kuwa kila mtu ana bima yake na si lazima wafanane. Lakini magoti ndiyo yanayobadilishwa watu wakifika 70, nasi tungependa naye asiache dirisha lake lipite kwa kutofikiri.

Msije mkasikia kama tunaitukana Advantage. Iko mipango mizuri, na kwa mzee ambaye dola 160 za ziada hazipo, ni bora mara kumi kuliko kubaki na asilimia 20 isiyo na mwisho. Mkielekea huko, kazi kubwa ni kuuliza kabla. Pigeni simu ofisi ya malipo ya daktari wa figo, si mapokezi, mkataje jina kamili la mpango pamoja na kama ni HMO au PPO, kwa sababu kampuni moja huwa na mipango mingi na daktari huweza kukubali mmoja akakataa wa pili. Ulizeni hivyohivyo hospitali mnayoitumia na duka la dawa. Kitabu cha madaktari kilichochapishwa na mpango mara nyingi kimepitwa na wakati, na daktari anaweza kutoka kwenye mtandao katikati ya mwaka huku ninyi mmefungwa.

Jambo la pili la kuuliza ni kibali cha awali. Mipango ya Advantage hutaka kibali kabla ya vipimo vikubwa, kulazwa kwa kupangwa, au kupelekwa kituo cha uuguzi baada ya hospitali. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani aliripoti kuwa asilimia 13 ya maombi ya kibali yaliyokataliwa katika sampuli yake yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare yenyewe. Kuanzia Januari 2026 mpango una siku 7 kujibu ombi la kawaida la kibali, na saa 72 kwa la haraka. Wakikataa, mna siku 65 kukata rufaa, na wengi hawakati, ndipo wanapopotea. Daktari aandike barua yenye sababu za kitabibu. "Mgonjwa anahitaji" haitoshi. Na kwa haki tuseme pia kwamba tangu mwaka huu Medicare ya asili nayo inajaribu utaratibu wa kibali katika majimbo sita, Ohio likiwemo, kwa huduma chache teule, miongoni mwao upasuaji wa goti lililosagika kwa kutumia kamera. Mama akae akilijua hilo.

Kuhusu meno, someni mistari minne: kiwango cha juu kwa mwaka, mtandao wa madaktari wa meno, asilimia unayolipa kwa kazi kubwa kama mizizi na meno ya bandia, na kama kusafisha kunahesabiwa ndani ya kiwango. Tangazo la "dola 2,000 za meno" linaweza kugeuka kusafisha mara mbili na kujaza jino moja. Kadi ya chakula kwa kawaida si ya kila mwanachama. Hutolewa kwa wenye maradhi sugu yaliyotajwa, tena kwa masharti. Baba huenda akastahili kwa kisukari chake, lakini aoneshwe kwa maandishi.

Tukija Tanga. Medicare ya asili hailipi matibabu nje ya Marekani, isipokuwa mambo machache ya mipakani na melini ambayo hayawahusu. Medigap G na N zina kipengele cha dharura ugenini: baada ya kutoa dola 250 za mwaka, hulipa asilimia 80 ya dharura inayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, hadi dola 50,000 kwa maisha yote. Wazee wanaondoka Desemba na kurudi Machi, kwa hiyo kuanzia Februari hawana kitu. Nunueni bima ya safari itakayofunika miezi ile mingine, yenye kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, maana Medigap haisafirishi mtu kutoka Tanga hadi Dar es Salaam wala Columbus. Soma pia inasemaje kuhusu maradhi ambayo mtu anayo tayari. Bima nyingi za safari huyaondoa usiponunua mapema mara tu baada ya kukata tiketi. Hospitali ya huko itataka fedha taslimu. Lipeni, mkachukue risiti yenye kila kipengele, ripoti ya daktari yenye tarehe na jina la ugonjwa, vyote kwa Kiingereza. Risiti iliyoandikwa "matibabu" na jumla tu hurudishwa.

Baadhi ya mipango ya Advantage hulipia dharura duniani kote hadi kiwango fulani, na hapo inaweza kuishinda Medigap. Kasoro yake ni kanuni ya miezi sita: ukikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo, mpango unatakiwa kukuondoa. Ile safari ya miezi saba ya msiba ingemtoa Baba, akarudi amekuta kadi haifanyi kazi. Yako mipango michache inayoruhusu hadi miezi 12, lakini ni kwa walio safarini ndani ya Marekani tu, hivyo Tanga haimo.

Na dawa: zinazonunuliwa Tanga Sehemu D hailipi. Omba daktari aandike za siku 90, na kwa siku zinazobaki omba mpango kibali cha ziada ya safari, wiki tatu hivi kabla ya kuondoka. Wakati wowote wa safari ndefu, msifute Sehemu B ili kuokoa ada. Mtu akirudi hulipa asilimia 10 zaidi kwa kila miezi 12 kamili aliyokosa, na ongezeko hilo halitoki.

Faini hiyohiyo ndiyo uliyotishwa nayo kuhusu Mama, nayo kwake haipo. Alikuwa na bima ya kazini inayotokana na ajira hai ya mumewe, hivyo ana kipindi maalum cha miezi 8 kuanzia kazi au bima ya kazini inapokoma, kinachotangulia, kujiandikisha Sehemu B bila nyongeza yoyote. Sehemu A ataipata bila ada kwa robo-mwaka 40 za Baba, kwa kuwa Baba amepita miaka 62 na ndoa imezidi mwaka mmoja. Pelekeni cheti cha ndoa, na kama ni cha Kiswahili, chenye tafsiri. Kwa Sehemu B ajaze fomu CMS-40B, na ofisi ya wafanyakazi kazini kwa Baba ijaze CMS-L564 kuthibitisha tarehe za ajira na bima. Hiyo ya pili ndiyo huchelewa. Ipelekeni Julai, Baba angali kazini na anajulikana. Mama akiwasilisha Agosti anaweza kuomba Sehemu B yake ianze 1 Oktoba.

Baba yeye yuko katika kipindi chake cha kwanza cha miezi saba, Juni hadi Desemba. Akijiandikisha kati ya Juni na Agosti, Sehemu B inaanza 1 Septemba. Akingoja Septemba, inaanza 1 Oktoba, siku ileile bima ya kazini inapokwisha, na anaokoa dola 202.90. Sisi tungelipa hizo. Bila namba ya Medicare mkononi hawezi kukamilisha Medigap wala Sehemu D, na kadi huchukua wiki kadhaa kufika. Kosa dogo la karatasi litamwacha Oktoba bila bima ya kulipia insulini. Kwa hiyo Baba ajiandikishe ifikapo Julai, aombe G au N ianze 1 Oktoba, na Sehemu D aombe Septemba. Dirisha lake la Medigap litahesabiwa kuanzia 1 Septemba na kufungwa mwisho wa Februari, akiwa Tanga. Yote yaishe kabla ya safari.

Kazini watampa karatasi ya COBRA, ya kuendelea na bima ya kazi kwa kulipa mwenyewe. Aiweke pembeni. COBRA haihesabiwi kama bima ya ajira hai, na watu wameikalia miezi 18 wakadhani wako salama, ile miezi 8 ikawapita. Barua mbili aziombe na kuzitunza: inayothibitisha kuwa dawa za bima ya kazini zilikuwa na kiwango cha kutosha, bila hiyo Sehemu D huongeza asilimia 1 ya ada ya msingi ya kitaifa kwa kila mwezi uliokosekana, na inayoonesha muda aliokuwa na bima, kwa sababu kampuni ya Medigap inaweza kuchelewesha kulipia maradhi ya zamani hadi miezi sita isipokuwa umeonesha ulikuwa na bima kabla.

Kabla hamjanunua chochote, pimeni kipato chao cha uzeeni. Kikiwa chini ya takriban asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali na akiba ni ndogo, jimbo linaweza kuwalipia ada ya Sehemu B. Kikiwa chini zaidi, karibu asilimia 100, linalipa na gharama nyingine za Medicare, na hapo Medigap haihitajiki. Ombi linapelekwa ofisi ya kaunti ya Job and Family Services. Msaada wa dawa unafika hadi asilimia 150 na unaombwa Social Security. Kama aliyewadhamini wazee kwa kadi ya kijani alisaini hati ya kuwatunza, ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, maana kipato cha mdhamini kinaweza kuhesabiwa.

Wasomaji wengine, hasa ndugu waliokuja kutoka Kongo, wasichukue hesabu ya Binti wa Kwanza kama yao. Mzee asiye na robo-mwaka 40 zake wala za mwenzi anahitaji kadi ya kijani na miaka mitano mfululizo ya kuishi Marekani, na mwaka 2026 atalipa Sehemu A hadi dola 565 kwa mwezi juu ya 202.90. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawana kadi ya kijani. Waliokuwa ndani tayari wana hadi 4 Januari 2027. Mwenye kustahili kadi hiyo asikawie kuiomba.

Mwisho ni ile karatasi ya saini. Huenda ni ridhaa tu ya kuzungumza na wakala, ambayo sheria inaitaka kabla ya mazungumzo ya ana kwa ana na haimfungi mtu. Baba bado hana namba ya Medicare, hivyo ombi la mpango haliwezi kukamilika. Amwombe kijana nakala, na kama ni ombi, apige simu kwa kampuni alifute kabla halijaanza kazi. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni, si lazima auze mipango yote, haruhusiwi kubisha mlangoni wala kupiga simu bila kualikwa, na kwenye mkutano wa kuuza mipango vitafunio vinaruhusiwa ila mlo hauruhusiwi, kwa hiyo ile sahani ya pilau ilikuwa kinyume cha kanuni, hata kama ilikuwa tamu. Namba ya Social Security ya Baba asipewe mtu ukumbini.

Ushauri usio na kamisheni upo bure kwa mpango wa jimbo uitwao OSHIIP, 1-800-686-1578, na Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, saa 24. Wote wawili hutoa mkalimani bila malipo; taja "Swahili" mwanzoni kabisa kisha ungoje kwenye simu. Kuweni na orodha ya dawa zote sita za Baba na vipimo vyake kwa miligramu, uniti za insulini kwa siku, majina ya madaktari, duka la dawa, na tarehe za safari ya Desemba.